Narudi Kahawa Ikiiva

Shule ya Misheni, Mbozi
12 Machi 1951

Bwana Rubeni,

Hunijui. Mimi ni Enesi, mwalimu wa darasa la kwanza na la pili hapa Mbozi. Mwaka jana ulipopita Tunduma na gari la sinema, binamu yangu Nesta alikuwepo, na tangu siku hiyo hajanyamaza. Anasema mlitundika shuka kwenye ukuta wa duka, picha zikatembea, na wewe ukasema kwenye kipaza sauti mpaka watoto wakagaagaa chini kwa kucheka. Nesta hasifu ovyo, kwa hiyo nimeamini nusu.

Kicheko hicho ndicho ninachokuomba. Novemba iliyopita mgodi mmoja huko Rodezia uliporomoka ukafunika watu, na watatu kati yao ni wa kijiji chetu. Mmoja ni kaka yangu Amoni. Miili haikuletwa, ililetwa karatasi. Mama yetu alichukua koti ambalo Amoni aliliacha msumarini siku anaondoka, akalilaza kaburini mahali pake, tukalizika kwa nyimbo na kunyoa vichwa kama desturi.

Watoto watano wa marehemu hao wako darasani kwangu. Saa ya mchezo wanasimama ukutani, kama watu wanaongoja kuitwa ofisini. Anayenitia hofu zaidi ni Tulinagwe, binti wa Amoni, wa miaka minane. Mama yake alifariki zamani, kwa hiyo anaishi nasi, mimi na bibi yake. Tangu msiba hajalia hata mara moja. Ukimwambia kula, anakula. Usipomwambia, anakaa na sahani mpaka ugali unaota ngozi. Chuoni nilifundishwa hesabu na kushona, hili sikufundishwa.

Nimewaza hivi: watoto wale wakae na watu wao wote, bibi, wajomba, shangazi, waangalie kitu kimoja na kucheka pamoja. Labda kitalegea kitu ndani yao. Je, gari lako linaweza kupanda milima hii?

Mimi,
Enesi

*

Mbeya
27 Machi 1951

Mwalimu Enesi,

Nimefurahi kusikia kwamba nusu yako imeniamini. Nusu nyingine nitakuja kuichukua mwenyewe.

Gari linapanda. Bwana mkubwa ameweka jina la Mbozi kwenye ratiba: Jumamosi tarehe 5 Mei, mvua zikiwa zimepungua. Nitafutie ukuta uliopakwa chokaa, na umwombe mchungaji asinihubirie kabla sijaanza. Mimi ni mtu wa Isongole, baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, mahubiri nimekula ya kutosha.

Ujue kazi yangu ilivyo. Picha zetu nyingi hazina sauti. Watu kwenye shuka wanafungua midomo, na maneno nayatia mimi, nikiwa nimekaa ndani ya gari na kipaza sauti, nisionekane. Mtu akianguka na baiskeli, mimi ndiye ninayelia. Mke akimfokea mumewe, mimi ndiye mke. Hapo ndipo watu wanapocheka.

Nimewachagulia ya baiskeli, ya mwizi wa kuku, na ile ya kuchimba choo, maana hiyo ni amri. Kisha nimefikiri juu ya hao watoto wako. Tuna filamu fupi iliyopigwa kwenye kambi moja ya migodi huko Rodezia siku ya Jumapili: wanaume wanapika, wananyoana, wanacheza ngoma. Hakuna shimo wala vumbi. Watoto hawajui baba zao walilala wapi na kula nini. Wakiona pale mahali, wakaona palikuwa na jua na ngoma, pengine mioyo itatulia. Unasemaje? Ukikataa, siipakii.

Rubeni

*

Mbozi
4 Aprili 1951

Bwana Rubeni,

Ipakie. Nimelisoma wazo lako mara mbili na nimeona ni la mtu mwenye huruma. Usiku Tulinagwe huniuliza, "Shangazi, huko chini baba alikuwa na dirisha?" Ni swali pekee analouliza. Acha aone jua.

Sikuwaambia wazee juu ya filamu hiyo. Wangejadiliana mpaka Krismasi.

Ukuta ni wa ghala la kahawa. Nimeupaka chokaa na watoto wa darasa langu, na wawili kati yao walipakana wao kwa wao wakacheka. Sikuwakataza.

Enesi

*

Mbozi
8 Mei 1951

Bwana Rubeni,

Mliondoka alfajiri kabla sijapata nafasi ya kusema nawe, na hata ningepata sijui ningesema nini. Naandika kwa mwanga wa jiko. Usijali mwandiko.

Wewe ulikuwa ndani ya gari, hukuona nyuso zetu. Mwizi wa kuku aliwafanya watoto wote wacheke, na Tulinagwe naye. Nilimtazama yeye kuliko ukuta. Mama aliegemea bega langu akacheka mpaka akakohoa. Nilisema moyoni, Mungu ambariki Rubeni na gari lake.

Kisha ikaja kambi. Wakatokea wanaume wanacheza, na mmoja akatoka mbele amevaa kofia upande, akainua mkono wa kushoto akatupungia. Amoni alikuwa wa kushoto, kama binti yake. Nilimjua kabla hajainua mkono, kwa namna alivyoweka shingo. Mama alisimama. Na ile sauti ikasema: "Wanangu, msilie. Nisubirini. Narudi kahawa ikiiva."

Rubeni, najua sauti ile ni yako. Nilikuwa nimeisikia ikiwa ya mwizi, ya mke na ya kuku. Lakini kwa kitambo kidogo, mimi niliyesoma chuo, niliamini kaka yangu ameniambia atarudi. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na ilipoisha nilitamani isingekuja kabisa.

Tulinagwe alilia. Alilia usiku wote mikononi mwangu, na asubuhi akala sahani mbili bila kuambiwa. Amecheza jana na leo. Kwa hiyo nakushukuru, na naogopa. Kila anayepita anamwambia, "Baba anakuja kahawa ikiiva."

Niambie mambo mawili. Filamu ile ilipigwa lini? Na wewe ulijuaje kwamba kwetu tunapanda kahawa?

Enesi

*

Galula
21 Mei 1951

Mwalimu Enesi,

Barua yako imenifuata mpaka huku, na nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye bampa la gari. Kumbe alikuwa kaka yako. Haki ya Mungu sikujua.

Lakini tazama, mtoto amelia na amekula. Si ndicho ulichoniitia? Mimi naona tumefanikiwa. Mtoto akipata nguvu, polepole ataelewa mwenyewe, na kahawa itaiva na kuvunwa bila mtu kukumbuka maneno yale. Watoto husahau.

Tarehe ya filamu nitaiuliza ofisini. Huku barabara ni mchanga mtupu, tumekwama mara tatu. Kesho tunakwenda Mbangala.

Msalimie mama. Mwambie nimefurahi kwamba alicheka.

Rubeni

*

Mbozi
3 Julai 1951

Rubeni,

Hukujibu hata moja kati ya maswali yangu mawili, na mimi nikanyamaza kwa sababu mtoto alikuwa anakula. Sasa mtoto hali chakula.

Kahawa imeanza kuwa nyekundu. Kila asubuhi kabla ya shule Tulinagwe anakwenda shambani kuitazama, na anarudi kutuambia iko wapi, kama mtu anayeleta habari za msafiri. Jioni anagawa chakula chake nusu kwa nusu, nusu ya baba, anaifunika. Mwanzoni alikuwa anakula ile nusu yake. Wiki hii anasema atakula baba akifika, wale pamoja. Nimemchapa, Rubeni. Nimemchapa kwa sababu ya chakula, kisha nikatoka nje nikalia nyuma ya jiko.

Mama hanisaidii. Wiki ile ile ya sinema alichukua jembe akaenda kaburini akafukua koti. Nilimkuta amepiga magoti kwenye udongo. Alisema mtu aliye hai hafukiwi nguo, kwamba sisi ndio tunaomwua kwa kumweka kaburini huku anatembea. Mchungaji alikuja, wazee walikuja. Mama aliwauliza swali moja tu: "Nyinyi hamkumwona?" Wote walikuwa wamemwona. Wamekwenda zao. Koti limefuliwa, na Tulinagwe analala nalo.

Mganga wa misheni amempima, hakuona ugonjwa. Amepungua mpaka gauni la mwaka juzi linamtosha.

Nimemwambia mwenyewe kwamba maneno yale yalikuwa yako. Akanijibu kwa adabu, "Shangazi, huyo mtu wa gari hatujui sisi. Angejuaje kahawa?" Jibu unalo wewe, hukunipa.

Kwa hiyo sikuombi barua, nakuomba miguu yako. Njoo usimame mbele ya mama na mtoto, useme kwa mdomo wako kwamba uliyabuni.

Enesi

*

Mbeya
20 Julai 1951

Dada Enesi,

Ruhusu nikuite dada, maana ninayokuambia sijamwambia mtu.

Tarehe ya filamu imeandikwa kwenye kifuniko cha kopo. Imepigwa Agosti 1949. Nilikuwa naijua siku ulipouliza. Nilikuwa naijua hata siku ya sinema.

Yule mtu wa kofia anapoinua mkono, mimi nasema maneno yale kila mahali, tangu mwaka jana. Wake wanapiga vigelegele, wazee wanafuta macho. Galula nasema narudi mpunga ukikomaa. Mbangala nilisema narudi ulezi ukianikwa. Kila mji natazama wamepanda nini. Kwenu nilipita katikati ya mibuni maili nyingi. Ndivyo nilivyojua, basi. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu yule ana kwao.

Siku ile nilijua nimefika kwa watoto wa wafu. Mkono ulipoinuka nilisema moyoni, Rubeni, leo nyamaza. Kisha nikasikia kimya cha watu wale, kikubwa mno, na sikuweza kukiacha kitupu. Nilitaka kuwapa kitu.

Kuja siwezi sasa. Bwana mkubwa akisikia natia maneno yangu kwenye filamu za serikali nitatimuliwa, na nina mke na wazazi Isongole wanaonitegemea. Lakini sikukaa bure. Ndani ya bahasha kuna kipande cha filamu, kama kidole. Nimekikata mahali mkono unapoinuka, na ncha nimeziunga, haitaonekana. Mwoneshe mtoto juani: kila kipicha baba yake yuko vile vile, hasogei. Ataona kwamba ni picha tu, amekauka pale, hatoki. Nafikiri hiyo itamfundisha kuliko maneno yangu.

Nisamehe.
Rubeni

*

Mbozi
14 Agosti 1951

Rubeni,

Nilikuwa mjinga mara ya pili. Nilimpa.

Alikishika juani akahesabu. Wako tisa, baba zake tisa, wote wameinua mkono. Hakuona kwamba amekauka. Aliona kwamba mkono wa mwisho uko juu kidogo kuliko wa kwanza. Kweli uko juu, nimetazama mwenyewe. "Anasogea, Shangazi. Anasogea polepole kwa sababu ni mbali."

Kahawa yetu ilikwisha kuvunwa wiki iliyopita. Siku ya kuchuma matawi ya mwisho alikaa chini ya mbuni akiwa amevaa koti, hakutaka tuchume zile punje chache nyekundu zilizobaki. Mama aliziacha. Kesho yake mtoto hakuwepo. Tulimtafuta siku mbili. Alikuwa ametembea, akapakiwa na gari la mahindi, akafika Tunduma, na Nesta akamkuta ameketi karibu na kizuizi cha mpakani akiwatazama watu wanaotoka Rodezia na masanduku yao kichwani.

Nilikwenda kumchukua. Aliposhikwa mkono alilegea akaanguka, hana uzito hata kidogo. Mganga wa pale alisema asisafirishwe kwanza. Nimemwacha kwa Nesta kwa sababu shule haina mwalimu mwingine. Kila siku Nesta anambeba mgongoni mpaka kizuizini na kumrudisha, maana akikataliwa hata maji hanywi.

Nilikuita usimame mbele yake ukaniletea habari za bwana mkubwa. Una mke, una wazazi, nimesikia. Mimi nina mtoto mmoja, na hata huyo si wangu, ni wa marehemu. Nenda Tunduma, Rubeni. Uliza nyumba ya Nesta, nyuma ya soko. Mwambie ukweli kabla hajafa kwa uongo wako na kwa kibali changu, maana ni mimi niliyekuandikia uipakie.

Enesi

*

Tunduma
2 Septemba 1951

Dada Enesi,

Nimekwenda. Nimeomba siku tatu kwa kisingizio cha mazishi, na naandika nikiwa bado kwa binamu yako Nesta.

Nilimkuta amelazwa mkekani uani, koti juu yake. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilipiga magoti nikamsalimu, nikamwambia, "Tulinagwe, mimi ni Rubeni wa gari la sinema. Nimekuja kukuambia kwamba baba yako hakusema maneno yale. Niliyasema mimi. Baba yako alifariki mgodini, na picha ile ilipigwa kabla."

Nilisema yote, dada. Sikuacha hata moja. Nesta ni shahidi.

Yeye alikuwa amefumba macho. Nilipomaliza alitabasamu, na bila kuyafumbua akasema, "Sema tena."

Nikarudia kwamba baba yake amefariki. Akasema, "Siyo hayo. Yale ya kahawa." Hapo ndipo nilipoelewa. Alikuwa hasikilizi ninachosema. Alikuwa anasikiliza sauti. Nesta ameniambia Amoni aliondoka mtoto akiwa na miaka minne, sauti ya baba yake hakuikumbuka. Aliyoipata ni hii yangu, hana nyingine.

Akaniuliza, "Kwa nini umechelewa?"

Nesta alikuwa ameshika bakuli la uji amesimama nyuma yangu. Alininong'oneza, "Kaka, ana siku nne hajala." Na mimi nikasema. Nikasema polepole kama nilivyosema kwenye gari: "Mwanangu, usilie. Nisubiri. Narudi kahawa ikiiva." Akafumbua mdomo, Nesta akamlisha, akala bakuli zima.

Sijui nilichokifanya. Ulinituma nikaue uongo, nimeuacha umeketi unakula uji.

Kuna jingine. Bwana mkubwa amegundua kiungo kwenye filamu. Nimeitwa Jumatano.

Rubeni

*

Mbozi
25 Septemba 1951

Kaka Rubeni,

Barua yako niliichana, kisha nikaiunganisha nikaisoma tena.

Tulinagwe alikula siku tisa baada ya wewe kuondoka. Nesta alimleta nyumbani, na alishuka kwenye gari kwa miguu yake. Alimpa bibi yake mkono wa kushoto akamwambia, "Nimemsikia, yuko njiani." Siku ya kumi akaanza kugawa sahani. Leo ni siku ya tano anakunywa maji tu, na nimeondoa kioo kilichokuwa ukutani, asijione alivyokonda.

Nimejaribu mimi. Nilisimama nyuma ya mlango nikafanya sauti nzito nikasema yale maneno. Akasema, "Shangazi, usicheze na baba." Mchungaji naye amejaribu kumweleza mbinguni. Akamwuliza kama mbinguni wanapanda kahawa, na mchungaji, Mungu amsaidie, alisema hajui.

Mimi ndiye niliyekutaka uje useme ukweli. Nafuta. Nilikuwa na heshima zangu za mwalimu, sasa sina. Sitaki tena aelewe, nataka ale. Njoo Jumamosi yoyote. Gari silihitaji, wala shuka. Kaa nyuma ya mlango useme narudi, na mwezi ujao uje tena useme narudi, mpaka akue, au mpaka mmoja wetu achoke. Mama anasema atakulipa kwa kahawa.

Mbuni ule tulioachia punje, zimekauka mtini. Anazihesabu kila asubuhi kutoka mlangoni. Usichelewe.

Dada yako,
Enesi

*

Ofisi ya Sinema, Mbeya
10 Oktoba 1951

Kwa Mwalimu Enesi,

Nakurudishia barua yako yenye muhuri wa posta wa tarehe 25 Septemba bila kufunguliwa. Rubeni aliachishwa kazi mwanzoni mwa mwezi uliopita kwa kosa la kukata filamu ya serikali. Kwa habari tulizo nazo, amejiandikisha kwenda migodini, na alivuka Tunduma na kundi lake Jumatatu tarehe 24 Septemba. Anwani ya huko hakuacha.

Aliacha ujumbe mezani kwangu kwamba, mtu wa Mbozi akiuliza, aambiwe atarudi. Hakusema lini.

Kazi yake sasa naifanya mimi. Nimesoma kwenye jalada kwamba sinema ya Mei mliiomba kwa ajili ya kuwatuliza watoto na familia zao. Ikiwa bado mnaihitaji, andika maombi mapya na utaje idadi ya watoto.

Wako mtiifu,
Anyitike, karani